SUFURIA YA NYUMBANI NI JAMBO LA CHAMA

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano yetu twazungumza sana juu ya mshahara, saa za kazi, buti na nyumba. Hayo yote ni ya haki, wala sisemi tuyaache. Lakini leo nataka kusema juu ya jambo ambalo sijaliona katika ajenda yetu hata mara moja, nalo ni sufuria ya nyumbani. Najua wako watakaocheka na kusema, "Mambo ya jikoni ni ya akina mama, chama chaingiaje huko?" Nami nawajibu kwa swali. Huo mshahara tunaoupigania mwisho wake ni wapi? Haukai mfukoni. Waenda dukani na sokoni, kutoka huko waingia sufuriani, na kutoka sufuriani waingia tumboni mwa mtoto. Mtu anayehesabu mshahara bila kutazama sufuria ni sawa na mtu anayejaza gunia bila kutazama kama lina tundu.

Juzi nilimtembelea ndugu mmoja, mwanachama mwenzetu, hapa hapa Matungu. Nilifika jioni. Miwa yake imeanza kando ya barabara ikaja mpaka karibu na ukuta wa jiko. Mama watoto ndiyo kwanza arudi sokoni na fungu la sukuma wiki alilolinunua. Nikamwuliza, "Shemeji, shamba lote hili halina hata mboga?" Akanijibu, "Shemeji, mwulize ndugu yako. Mimi nilibakishiwa mahali pa kuanika nguo." Yule bwana akatazama chini. Baadaye tukaandaliwa chakula, ugali mweupe, sukuma wiki kidogo, na chai. Mtoto wao mdogo, wa miaka mitatu hivi, hakuigusa mboga. Alichovya ugali katika chai akala, akalala. Baba yake akaniambia, "Huyu hasumbui, hula chochote." Ndugu zangu, maneno hayo yalinifuata njia nzima nikirudi nyumbani. Mtoto asiyesumbua si lazima awe ameshiba vizuri. Pengine amezoea tu.

Sisemi haya kumwaibisha mtu. Nyumba kama ile ni nyingi katika lokesheni zetu, na yangu mwenyewe ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Yafaa tujiulize tumefikaje hapo.

Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianzishwa mwaka 1971, na kiwanda kikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Hakuna mtu mwenye haki atakayekana faida iliyoletwa. Watoto walilipiwa karo kwa miwa, mabati yalipanda juu ya nyumba zetu kwa miwa, na maelfu ya watu walipata kazi. Lakini muwa hukaa shambani miezi 18 na kuzidi kabla ya kukatwa, na baada ya kukatwa huota tena. Ardhi iliyoingia katika miwa yafungwa miaka kadhaa. Mwenye kutia sahihi mkataba mara nyingi alikuwa baba, kwa sababu jina lake ndilo lililo katika hati ya shamba. Mwenye kulima mboga alikuwa mama, naye hakuulizwa. Basi kidogo kidogo shamba la wimbi likawa miwa, la viazi likawa miwa, na bustani ya kunde nyuma ya nyumba nayo ikawa miwa. Tukasema, "Pesa zikija tutanunua." Mwaka 2019 kiwanda kikawekwa chini ya mrasimu wa benki kwa sababu ya madeni, na mwaka 2021 kikakodishwa kwa kampuni nyingine, na kesi za mahakamani zikafuata. Katika miaka ile ya taabu pesa hazikuja, na mboga nazo hazikuwako. Tena mwaka 2023 serikali iliamuru viwanda vya magharibi visimamishe kusaga kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyokuwa ikikatwa ilikuwa michanga. Kila jambo kama hilo likitokea, anayeumia kwanza ni yule asiyejua kiwanda ni nini, yaani mtoto.

Sasa nataka kuwakumbusha vijana chakula cha nchi hii kilikuwa nini, maana wengine hudhani ya kwamba ugali mweupe na sukuma wiki ndiyo mila yetu tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Mahindi ni mgeni, asili yake ni Amerika. Muhogo nao ni mgeni kutoka huko huko. Wazee wetu walikula obusuma wa wimbi na wa mtama, na muhogo ulipofika wakauchanganya humo. Ugali wa mahindi meupe ulipata nguvu hasa wakati wa ukoloni, kwa kuwa waajiri waliwapa vibarua posho ya unga wa mahindi katika mashamba, migodi na reli. Kwa hiyo chakula tunachokiita cha kwetu, nusu yake ni chakula cha kambi ya kazi.

Mboga ndizo zilizokuwa utajiri wa jiko. Kulikuwa na kunde, ambayo sisi twaiita likhubi. Kulikuwa na mrenda, yaani murere, unaoteleza na kushusha ugali kooni hata kwa mtoto mgonjwa. Kulikuwa na saga, managu, mitoo, mchicha na majani ya maboga. Hazikupikwa ovyo. Mama alijua ni ipi inayopikwa na mwenzake na ipi haipatani na nyingine. Mrenda ulichanganywa na kunde, saga na managu zilipunguzwa uchungu kwa maziwa, tena zikapashwa siku ya pili zikazidi utamu. Mboga ngumu zililainishwa kwa musherekha, ile chumvi ya majivu. Maganda ya maharage au ya ndizi yalikaushwa, yakachomwa, majivu yakatiwa katika chombo chenye matundu, maji yakapitishwa polepole. Kisha kulikuwa na simsim na karanga zilizosagwa juu ya jiwe, na kumbikumbi msimu wa mvua, na uyoga.

Wataalamu wa lishe wa leo wamezipima mboga hizi, na wanatuambia zina vitamini A kwa wingi, na madini ya chuma, na kalsiamu. Wanatuambia pia ya kuwa vitamini A haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta. Sasa tazameni akili ya mama zetu. Hawakusoma kitabu hata kimoja cha lishe, lakini hawakupika mboga kavu. Walitia maziwa, au simsim, au karanga. Na sisi tuliosoma twachemsha sukuma wiki kwa maji na chumvi, twampa mtoto na chai juu yake. Chai hiyo nayo, ikinywewa pamoja na chakula, huzuia mwili usipate chuma iliyo katika mboga. Afadhali mtoto apewe maji ya kunywa safi wakati wa kula, na kama ni uji au maziwa vipewe nafasi yake.

Nimesikia vijana wakisema, "Mrenda ni chakula cha maskini." Wamejifunza wapi maneno hayo? Wamejifunza kwetu sisi wazazi. Mgeni akija twakimbilia kununua mkate na soda, mrenda twauficha jikoni. Mtoto ana macho. Akiona kinachofichwa, ajua cha kuonea haya.

Jambo hili limeonekana hata na serikali. Mwaka 2007 Kenya ilianza kazi ya kuhifadhi vyakula vya asili pamoja na wanasayansi na vikundi vya wananchi. Mimea ya kienyeji ipatayo 850 iliandikwa kwa majina yake ya kikabila. Kisha likafanywa jaribio na watoto wa shule za msingi, la kukusanya habari za vyakula vya kwao na mapishi yake. Mahali pamoja palipochaguliwa palikuwa kwa ndugu zetu Waisukha, katika kaunti hii yetu ya Kakamega, na pengine palikuwa kwa Wapokot. Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiandika kazi hiyo katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi, ili mataifa mengine yajifunze. Basi dunia yaja kujifunza Kakamega namna ya kutunza chakula cha asili, na sisi wa Kakamega twaona haya kukila. Je, hiyo si ajabu?

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Mimi si katika wale wanaosema kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Wazee walisema, "Mwacha mila ni mtumwa," lakini iko mila nyingine ambayo ndiyo yenyewe utumwa. Katika nyumba nyingi za Kiluhya, desturi ya zamani ilimkataza mwanamke kula kuku na mayai. Mama alimfuga kuku, akamchinjisha, akampika, kisha akala mchuzi. Firigisi, ile imondo yetu, ilikuwa ya mwenye nyumba, na ole wake mke aliyeisahau. Katazo la kuku limekufa mahali pengi, na namshukuru Mungu. Lakini roho yake ingali hai. Baba ndiye anayepata nyama kubwa, kisha wageni, kisha wavulana wakubwa, na mama mjamzito na mtoto wa miaka miwili wapata kilichobaki. Na wengine wetu, siku ya mshahara, tumekwisha kula nyama ya kuchoma senta kabla ya kufika nyumbani, kisha twaketi mezani na kuuliza kwa nini mboga haina chumvi.

Ndugu, mwili wa mtu mzima umekwisha jengwa. Mwili wa mtoto ndio unaojengwa, na miaka miwili ya kwanza haitarudi. Yai moja linalomfaa mtoto wa miaka miwili ni kubwa kuliko kuku mzima anayeliwa na baba yake. Mimi nilikwisha toa imondo yangu. Siku ya kwanza watoto walitazamana, hawakuthubutu kuigusa. Sasa wanaigombania, na heshima yangu nyumbani haijapungua hata kidogo.

Lakini hapa nataka kuwaonya wanachama, na hasa viongozi wetu. Tukianza kusema juu ya mboga za kienyeji, wako waajiri watakaofurahi sana. Watasema, "Vema, watu hawa wana mashamba, wana mboga, kwa nini wanataka nyongeza?" Hoja hiyo si mpya. Ndiyo iliyotumiwa wakati wa ukoloni. Mfanyakazi Mwafrika alilipwa mshahara wa mtu mseja, kwa madai ya kwamba mke na watoto wake wako rizavu na wanajilisha wenyewe. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika, ikaona haifai kuendelea hivyo, ikapendekeza mshahara uhesabiwe kwa mtu mwenye familia. Vyama vya wafanyakazi vya wakati ule, na Tom Mboya akiwa katibu mkuu wa shirikisho lao, vilishika neno hilo na kulipigania. Basi tusirudi nyuma. Bustani ya mboga si badala ya mshahara. Bustani ni ya mama na watoto, mshahara ni haki ya kazi. Mwajiri asihesabu kunde zetu katika vitabu vyake.

Kinyume chake, sufuria yatupa hoja za kudai zaidi. Tazameni hesabu hii. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanasema mtoto anyonyeshwe tu, bila chakula kingine wala maji, miezi 6 ya kwanza, kisha apewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3. Sita toa tatu ni tatu. Miezi hiyo 3 mtoto atanyonyaje, mama akiwa kazini tangu asubuhi? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilijaribu kujibu. Yasema mwajiri lazima aweke mahali pa kunyonyeshea, na mama apewe nafasi za kunyonyesha au kukamua maziwa, zisizozidi jumla ya saa 1 katika saa 8 za kazi, mbali na saa ya chakula. Nawauliza, ni wangapi kati yetu wameiona nafasi hiyo ikitolewa? Na mama anayepalilia miwa kwa kibarua cha siku, ambaye hata likizo yenyewe haijui, je, yeye si mfanyakazi? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora, na kifungu cha 53 chasema kila mtoto ana haki ya lishe ya msingi. Maneno haya yameandikwa. Kazi ya chama ni kuyatoa katika karatasi na kuyaingiza katika mapatano.

Wako dada zetu watakaoniuliza, "Wewe wasifu mboga za kienyeji, lakini ni nani atakayezichambua?" Swali hilo ni la haki. Kuchambua mrenda jani kwa jani, kuosha, kutafuta kuni, kusaga karanga, ni kazi ya saa nzima na zaidi, na mama naye ametoka shambani kama baba. Kama twataka chakula cha zamani na mikono ni ile ile miwili ya mama, tunamwongezea mzigo tu. Jibu langu ni fupi. Baba naye ana mikono. Kuchambua kunde hakuhitaji nguvu wala elimu, na mazungumzo huenda vizuri juu ya ungo. Tena watoto wakae hapo. Mtoto wa miaka minne aweza kuchambua majani ya kunde, na mboga aliyoichambua mwenyewe hataikataa mezani. Samaki mkunje angali mbichi.

Basi haya ndiyo ninayopendekeza, na naomba yazungumzwe katika mkutano wa tawi.

Kwanza, kila mwanachama mwenye shamba la miwa atoe robo ekari, au kadiri awezavyo, iwe ya jiko, na jambo hilo liamuliwe na mume na mke pamoja kabla ya sahihi yoyote ya mkataba. Muwa watuambia tungoje miezi 18. Saga na mchicha hazingoji hata miezi 2, na ukizichuma vizuri zachipua tena. Kunde yarutubisha udongo. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa vina vitamini A, navyo havitaki ardhi kubwa. Mbegu twaweza kupeana wenyewe kwa wenyewe.

Pili, uji wa watoto uangaliwe. Wimbi ni unga mzuri kwa mtoto, na ukitiwa maziwa au karanga zilizosagwa, au omena, ni chakula kamili. Lakini karanga na mahindi yenye kuvu yatupwe, asipewe mtu wala kuku. Mwaka 2004 sumu ya kuvu katika mahindi iliua watu 125 katika nchi hii, wengi wao upande wa Ukambani. Nafaka ikaushwe vizuri na iwekwe mahali pasipo unyevu.

Tatu, halmashauri yetu iweke katika madai ya mapatano yajayo nafasi ya kunyonyesha kama sheria isemavyo, na chakula cha mchana kwa wakata miwa na wapaliliaji. Mtu anayefanya kazi toka alfajiri kwa kikombe cha chai hurudi nyumbani akiwa na njaa ya watu wawili, na njaa hiyo huila sehemu ya watoto.

Nne, katika mikutano yetu na sherehe zetu, badala ya mkate na soda, akina mama na akina baba wapike mboga za hapa, ziwekwe mbele ya wageni pasipo haya.

Yule ndugu niliyemtembelea nimekutana naye tena. Ameniambia miwa iliyo karibu na jiko ikikatwa safari hii, mistari ile hataiacha iote. Mama watoto amekwisha omba mbegu za mrenda kwa jirani. Ni kipande kidogo tu, kisichofika hata robo ekari. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na mtoto wa miaka mitatu hahitaji shamba kubwa. Ahitaji kijiko cha kitu kilicho bora kuliko chai.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Matungu